Mgongo wa Mtumishi: Usiulaze, Uuzoeze



Leo katika ukurasa wetu wa usalama na afya tunazungumza habari za ugonjwa usio na kidonda wala damu, tena hauonekani kwa macho. Mwenye kuugua anatembea kati yetu. Anaingia kazini pamoja nasi, anacheka pamoja nasi. Lakini usiku anageuka-geuka kitandani, na asubuhi hawezi kufunga kamba za viatu vyake. Ni ugonjwa wa mgongo.

Tuchukue mfano wa mtumishi mmoja. Usimtafute katika daftari la kazi, kwa maana hana namba. Huenda ni jirani yako, huenda ni wewe mwenyewe. Wenzake wanamwita Kilo Hamsini, kwa sababu tangu ujana wake aliinua mfuko wa simenti wa kilo 50 peke yake, akauweka begani na kucheka.

Sasa Kilo Hamsini ana miaka 43. Saa kumi ya alfajiri inapolia, haamki mara moja. Kwanza anageuka upande, kisha anashika ukingo wa kitanda, kisha anakaa akiuma meno. Bibi yake anapiga magoti na kumvalisha viatu. Hawasemi neno. Mtoto wao mdogo anaangalia. Akifika kazini, kapita anamwuliza: «Habari, mukubwa?» Anajibu: «Muzuri tu.» Huo ni uongo, na anausema tangu miezi saba.

Kwa nini anasema uongo? Kwa sababu anaogopa. Anafikiri moyoni: «Nikimwambia munganga, ataandika kwamba sifai tena kwa kazi. Watoto watakula nini?» Basi anameza vidonge alivyonunua sokoni, anafunga kiuno kwa kitambaa, na siku ya Mungu analala kitandani tangu asubuhi mpaka jioni akitumaini kwamba kitanda kitamponyesha. Siku inayofuata anaamka akiwa mgumu zaidi kuliko jana.

Msomaji, Kilo Hamsini si mvivu wala mjinga. Lakini anafanya karibu kila jambo ambalo linaufanya mgongo usipone. Tutaona moja moja.

MGONGO NI KITU GANI?

Mgongo si fimbo moja. Ni mifupa midogo 24 iliyopangwa moja juu ya nyingine: 7 ya shingo, 12 ya kifua, na 5 ya kiuno. Chini yake kuna mfupa mpana wa nyonga na ncha ya mkia. Ile 5 ya kiuno ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, na ndiyo inayotuumiza mara nyingi.

Kati ya mfupa na mfupa kuna kijito kama cha mpira, chenye ute ndani. Waganga wanakiita diski. Kijito hiki kinapokea uzito na mishtuko, kama mpira wa gurudumu la kamyo. Na hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui: diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Inapata chakula chake kwa kukamuliwa na kuachiliwa, kama sifongo ndani ya maji. Ukitembea, ukiinama na kunyooka kwa kiasi, diski inakula. Ukikaa au kulala kutwa bila kusogea, diski inashinda njaa.

Na nani anaishikilia mifupa hii isianguke? Ni nyama za mwili: nyama za mgongo, za tumbo, za matako na za mapaja. Angalia mlingoti mrefu uliosimamishwa kwa kamba za chuma pande nne. Kamba moja ikilegea, mlingoti unainama na kamba nyingine zinavutika kupita kiasi. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye nyama za tumbo zilizolegea. Mgongo wake unafanya kazi ya watu wawili.

KENGELE INAYOLIA HATA MOTO UMEKWISHA

Mara nyingi maumivu ya mgongo huanza ghafla, kisha hupungua yenyewe katika majuma machache. Yakipita miezi mitatu, waganga wanasema ni maumivu ya kudumu.

Ndugu yangu, usifikiri kwamba uko peke yako. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 katika dunia walikuwa na maumivu ya kiuno. Na katika watu 10 wenye maumivu haya, karibu 9 waganga hawaoni mfupa uliovunjika wala ugonjwa fulani wa kuutaja kwa jina.

«Basi maumivu yangu ni ya uongo?» Hapana. Ni ya kweli kabisa. Fikiri juu ya kengele ya hatari katika mgodi. Moto unawaka, kengele inalia, watu wanatoka. Hiyo ni kengele nzuri. Lakini ikiwa moto umezimwa na kengele inaendelea kulia usiku na mchana, je, utaendelea kumwaga maji? Sherti utengeneze kengele. Katika maumivu ya kudumu, mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele. Hata kuinama kidogo kuokota kijiko, kengele inalia. Haina maana kwamba kuna kitu kinavunjika ndani. Hofu, kukosa usingizi na mawazo mengi huongeza sauti ya kengele. Kusogea pole pole, kila siku, huipunguza.

Wengine wanasema: «Nilipigwa picha, wakaona diski yangu imetokeza. Nimekwisha.» Usikate tamaa. Mwaka 1994 waganga wa Marekani walichapisha habari ya watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo waliopigwa picha kwa mashini kubwa. Zaidi ya nusu yao walionekana kuwa na diski iliyotokeza, na walikuwa wakitembea bila shida! Picha ni jambo moja, na maumivu ni jambo lingine. Munganga ndiye anayejua kuyalinganisha.

KOSA LA KWANZA: KUSHINDA KITANDANI

Zamani waganga wenyewe waliwaambia wagonjwa wa mgongo: «Lala juma moja, mbili.» Leo tunajua kwamba haikuwa shauri jema.

Mwaka 1986, katika Marekani, waganga waliwagawa wagonjwa 203 katika makundi mawili. Kundi moja liliambiwa lilale siku 2, la pili siku 7. Walioambiwa siku 2 walipona sawa na wengine, tena walikosa kazi siku chache zaidi. Mwaka 1995, katika mji wa Helsinki, nchi ya Finland, watumishi wa mji walioambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri wanavyoweza walipona mbele ya wale waliolazwa.

Kwa nini? Kwa sababu kitandani nyama zinadhoofika, diski inakosa chakula, na moyo unajaa mawazo. Maumivu yakiwa makali sana, pumzika siku moja, labda mbili. Kisha amka. Tembea ndani ya nyumba, toka nje, zunguka kiwanja. Fanya kazi nyepesi. Mgongo unaouma hauhitaji kaburi, unahitaji mazoezi.

DAWA ISIYONUNULIWA: MIGUU YAKO

Mwaka 2024, katika Australia, wataalamu walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Baadhi walifundishwa kutembea kwa miguu, pole pole mpaka kufika dakika 30, mara tano kwa juma. Wengine hawakufundishwa kitu. Kwa wale wasiofundishwa, nusu yao maumivu yalirudi kabla ya siku 112. Kwa wale waliotembea, ilichukua siku 208. Karibu mara mbili! Na dawa hiyo haiuzwi katika duka lolote.

«Lakini mimi natembea kutwa kazini!» Kweli, lakini kutembea na mzigo, kwa haraka, juu ya mawe, ndani ya viatu vizito, si sawa na kutembea mikono mitupu, mabega yamelegea, pumzi imetulia. Na dereva wa kamyo kubwa au mtu wa ofisi, yeye hatembei hata kidogo.

Anza hivi:

Juma la kwanza: dakika 10, siku tatu au nne.
Juma la pili: dakika 15.
Juma la tatu: dakika 20.
Juma la nne: dakika 25.
Juma la tano na kuendelea: dakika 30, siku tano kwa juma.

Chagua barabara iliyo sawa. Tembea na bibi yako au na mtoto jioni, jua likipungua. Majirani watauliza: «Munaenda wapi?» Wajibu: «Tunapeleka mgongo shuleni.» Siku ya kwanza utasikia uchungu kidogo, ni kawaida. Ikiwa kesho yake maumivu yamezidi sana, rudi kwenye kipimo cha juma lililopita, lakini usiache. Haba na haba hujaza kibaba.

MAZOEZI MANNE JUU YA MKEKA

Tandika mkeka au blanketi chini. Dakika 10 zinatosha, asubuhi kabla ya kuoga au jioni nyuma ya kazi.

La kwanza. Lala chali, magoti yamekunjwa. Shika goti moja kwa mikono miwili, livute kifuani pole pole, hesabu mpaka 10 ukipumua. Liachilie. Fanya na lingine. Mara 5 kila upande.

La pili. Lala vilevile chali, nyayo zimekanyaga chini. Inua matako mpaka mapaja na tumbo vinyooke kama ubao. Hesabu mpaka 5, shuka. Mara 8 mpaka 10. Zoezi hili linajenga nyama za matako na za kiuno.

La tatu. Simama kwa mikono na magoti, kama mtoto anayetambaa. Nyosha mkono wa kuume mbele na mguu wa kushoto nyuma. Hesabu mpaka 5. Badili. Mara 5 kila upande. Ukitikisika, usicheke: nyama zako zinajifunza.

La nne. Kaa juu ya kiti kigumu. Simama bila kushika kitu kwa mikono, kisha kaa tena pole pole. Mara 10. Mwenye mapaja yenye nguvu hatauinua mzigo kwa mgongo.

Ukiona maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti, au ganzi inaongezeka, acha zoezi hilo na umwulize munganga. Kuuliza si ujinga.

KAZINI: KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Kila mtu amesikia: «Kunja magoti, nyosha mgongo.» Ni neno zuri, lakini halitoshi. Mzigo mzito sana utaumiza hata mtu anayejua kuinua. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mzigo, jiulize maswali matatu.

Moja: je, ni lazima uinuliwe kwa mikono? Huenda kuna mashini ya kuinulia, pusepuse, au ubao wa kuteremshia.

Mbili: je, waweza kugawanyika? Mizigo miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa.

Tatu: je, mwenzangu yuko wapi? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwite. Mmoja ahesabu, wote wawili wainue pamoja.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, OIT, lilishauri kwamba mzigo unaobebwa kwa mikono na mwanaume mtu mzima usipite kilo 55. Na wataalamu wa Marekani, katika hesabu yao ya mwaka 1991, waliweka kilo 23 tu kuwa mzigo wa kuinua wakati hali yote ni nzuri: mzigo uko karibu na mwili, una mahali pa kushika, na mtu hajipindi. Sasa linganisha na mfuko wa simenti wa kilo 50. Kilo Hamsini alikuwa akibeba mara mbili ya kipimo hicho, akalipwa sifa. Sifa haitibu mgongo.

Ukiinua, sogea karibu na mzigo, uukumbatie. Usijipinde kiuno ukiwa umeushika: geuza miguu, mwili wote ugeuke. Usikimbie.

Dereva wa kamyo au wa mashini kubwa, neno hili ni lako. Mtikisiko wa saa nyingi unaichosha diski. Pima kiti chako mbele ya kuanza: miguu ifike vizuri, mgongo uegemee. Kiti kilichovunjika kitangaze. Barabara yenye mashimo itangaze pia, na upunguze mwendo. Ukimaliza, usiruke chini kutoka juu: teremka ukiangalia mashini, mikono na miguu ikishika fasi tatu siku zote. Kisha tembea dakika chache kabla ya kuinua kitu chochote. Wengi waliumia si ndani ya kamyo, bali walipoinua gurudumu mara tu walipoteremka.

Na wewe unayeinama chini ya mwamba mfupi, au unayekaa ofisini: kila nusu saa simama, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma kidogo mara tano. Ni sekunde 20 tu.

NYUMBANI: MAMA NAYE ANA MGONGO

Tunasema sana habari za mgongo wa baba. Lakini ni nani anayebeba bidoni ya lita 20 tangu robine mpaka nyumbani? Hiyo ni kilo 20, na mtoto yuko mgongoni! Nani anayeinama juu ya mbabula akisonga bukari? Nani anayefagia kiwanja kwa ufagio mfupi, anayefua nguo zote akiwa amejikunja?

Mama, haya si makubwa, lakini yanasaidia. Weka mbabula juu ya matofali yaliyopangwa imara, mbali na watoto, usonge bukari ukiwa umenyooka. Weka beseni la kufulia juu ya meza au kigoda. Tia mti mrefu katika ufagio wako. Badala ya bidoni moja ya lita 20 mkono mmoja, chukua mbili za lita 10, mkono huu na mkono huu. Mtoto mkubwa kidogo, shuka naye chini, atembee. Na wewe baba, na nyinyi vijana wa nyumba, maji si kazi ya mama peke yake. Kubeba bidoni hakupunguzi heshima ya mwanaume.

Kitanda: matela iliyobonyea katikati kama mtumbwi haifai. Kama huna feza ya kununua mpya, weka mbao chini yake. Lala upande na mto kati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Kuamka, geuka kwanza upande, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono.

TUMBAKU, POMBE, TUMBO NA USINGIZI

Sigara inabana mishipa midogo ya damu. Tumesema diski inapata chakula kwa shida: ukivuta, unaizidishia njaa. Wavutao wanapata maumivu ya mgongo zaidi kuliko wasiovuta. Pombe nyingi inaharibu usingizi, na mwenye usingizi mbaya anasikia maumivu kwa nguvu zaidi. Tumbo kubwa linavuta mgongo mbele kama mzigo usioteremshwa kamwe. Kula bukari yako, lakini kwa kiasi, na sombe, maharagi, samaki na matunda kwa wingi zaidi. Punguza mafuta na vinywaji vyenye sukari.

Usingizi ni dawa. Mtu wa zamu ya usiku afunge madirisha kwa kitambaa mchana, na watoto wafundishwe kunyamaza baba anapolala.

DAWA ZA SOKONI

Hapa tunataka kusema waziwazi. Sokoni wanauza «dawa ya mgongo» ya kila namna, na nyingine zinauzwa kwa wanaume kwa ahadi ambazo hatuzitaji mbele ya watoto. Hujui kilichomo ndani. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki vinaweza kusaidia siku chache kwa shauri la munganga, lakini ukivimeza miezi mingi vinatoboa tumbo na kudhuru figo. Tramadoli inamfunga mtu: leo kimoja, kesho viwili, kesho kutwa hawezi kuamka bila hicho. Tena inaleta usingizi na kizunguzungu, na mtu wa namna hiyo juu ya mashini ni hatari kwa wote.

Mwezi wa 12 mwaka 2023 OMS ilitoa mashauri yake juu ya maumivu ya kiuno ya kudumu. Ilikubali mafundisho kwa mgonjwa, mazoezi, na kumsaidia mtu katika mawazo yake. Haikukubali dawa kali za jamii ya afyuni, wala mishipi ya kufunga kiuno kama tiba ya kila siku, wala kuvutwa mgongo kwa mashini.

USINGOJE: DALILI ZA HATARI

Karibu maumivu yote ya mgongo yanangoja mazoezi. Lakini kuna machache yasiyongoja. Nenda hospitali siku ileile ukiona:

Mguu unapoteza nguvu, au unaburuta.
Ganzi kati ya mapaja, mahali pa kukalia.
Mkojo unakataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila kujua.
Maumivu makali nyuma ya kuanguka au kugongwa.
Homa na maumivu ya ubavuni na mkojo unaochoma: hapo huenda ni figo.

Na usikawie kumwona munganga ikiwa unapungua mwili, unatoka jasho usiku, una homa ya jioni, au unakohoa zaidi ya majuma mawili, na mgongo unauma hata ukipumzika. Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo. Munganga Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo tangu mwaka 1779. Sisi watu wa migodi tunapaswa kuangalia sana, kwa maana mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu kinapona kwa dawa, lakini mgongo uliokwisha kupinda haunyooki kwa urahisi.

SEMA MAPEMA

Turudi kwa Kilo Hamsini. Siku moja bibi yake alichoka kunyamaza. Alimwambia: «Baba, mimi nitakufunga viatu mpaka lini? Twende kwa munganga, wote wawili.» Akaenda, moyo ukipiga.

Munganga alimpima miguu, akamgonga magoti, akamwuliza maswali mengi. Kisha akasema: «Papa, hapana kitu kilichovunjika. Mgongo wako umechoka na umeogopa. Sitakufukuza kazini. Kinyume chake, nataka uendelee. Lakini majuma sita utapewa kazi isiyo ya kuinua mizigo, na kila siku utatembea.»

«Na nisipopona kabisa?»

«Huenda maumivu yatakutembelea mara moja moja. Lakini ni wewe utakayekuwa bwana wa nyumba, si yeye.»

Ndugu mtumishi, aliyesema mapema anaweza kubadilishiwa kazi kwa muda. Aliyenyamaza mpaka akaanguka hana la kuchagua. Umeumia kazini? Mwambie kapita siku ileile, iandikwe. Ajali isiyoandikwa ni vigumu kuitetea kesho mbele ya CNSS. Kama fasi yako ya kazi inaumiza migongo ya watu wengi, mpelekee habari delege wenu na komite ya usafi na usalama. Hiyo ndiyo kazi yao.

Na nyinyi wakubwa wa kazi: mtu akija kusema mgongo unamwuma, msimcheke wala msimwite mvivu. Mkimcheka mmoja, kumi watanyamaza. Na siku hao kumi watakapoanguka, nani ataendesha mashini?

Nyuma ya miezi mitatu Kilo Hamsini hajawa kijana tena. Asubuhi za baridi mgongo bado unamsalimia. Lakini anafunga viatu vyake mwenyewe. Jioni anatembea na mtoto wake mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Na ukifika mfuko wa simenti, anaita mwenzake: «Njoo, tushike pamoja.» Vijana wanamcheka: «Mukubwa, siku hizi wewe ni kilo 25!» Anajibu: «Kweli. Na nitafika pansioni nikiwa nimesimama.»

Kwa kifupi, kata ukurasa huu uubandike ukutani:

Sogea kila siku, usishinde kitandani.
Tembea dakika 30, mara tano kwa juma.
Fanya mazoezi manne juu ya mkeka.
Gawanya mzigo, au ita mwenzako.
Acha sigara, punguza pombe, lala vema.
Usinunue dawa bila shauri la munganga.
Jua dalili za hatari, na sema mapema.

Mashini ikivunjika, kampuni itaagiza vyuma vingine. Mgongo wako hauna cha kubadilisha. Leo jioni, ukitoka kazini, vua viatu vizito, mwite mtoto, mwanze na dakika 10.

Kazi njema, na usalama kwa wote.